Gari la Inosenti na Kiti cha Padre

"Mama Goodness, hivi dereva naye anahesabika kuwa amepanda gari?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Hyasinta asubuhi moja ya manyunyu, yeye akiwa upande wake wa ua wa minyaa na mimi upande wangu nachambua mboga. Nilidhani ananitania. Nilipoinua macho nikaona ameshika rozari, na Hyasinta hatanii akiwa na rozari mkononi.

"Dereva yupi?" nikamuuliza.

"Inosenti. Amepiga simu yuko Dar, gari limetoka bandarini. Sasa atakuja nalo vipi huku Karatu bila kulikalia?"

Hapo nikakumbuka nadhiri yake, nikaweka mboga chini.

Inosenti ni mtoto wake wa pekee. Baba yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, akakua kati ya nyumba ya mama yake na yangu. Alikuwa mtoto wa kuendesha vitu. Alikuwa na kigari cha dumu la mafuta ya kula, magurudumu ya kandambili zilizokatwa, na ukimtuma mashine kusaga alikwenda nacho, anakiegesha nje, anakifunga kwa kamba kwenye mti kisiibiwe, halafu ndiyo anaingia. Mtu akikiruka alikasirika. Alisema unaruka gari la watu.

Alipokuwa kijana akasoma udereva, akapata kazi ya kupeleka wageni kreta ya Ngorongoro. Anaijua ile barabara ya kushuka bondeni kama mimi ninavyoijua njia ya kisimani. Ni mpole, msikivu, hana neno. Wageni wake wanampenda kwa sababu hapigi kelele, wanyama nao wanampenda kwa sababu hiyo hiyo. Kasoro yake ni moja, hajawahi kumwambia mama yake hapana.

Sasa huko Oldeani kuna binti anaitwa Rahel, baba yake ni Mzee Lucas, aliyetoka Singida akiwa kijana kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa na hakurudi tena kuishi kwao. Inosenti alimpenda Rahel. Akaenda mara mbili tatu kusalimia, na kila mara alipita na lile Land Cruiser la kazini akitokea geti la hifadhi. Mzee Lucas akaliona, akafurahi, akawaambia majirani mkwe wake ana gari kubwa la kufunguka paa. Inosenti hakusema ni lake na hakusema si lake, hakuna aliyemuuliza. Siku Mzee Lucas alipomwona dereva mwingine kalikalia gari lile lile, alikasirika mpaka akaacha kula.

Akamwita Inosenti akamwambia mbele ya watu: "Kijana, mimi nimefanya kazi kwenye shamba la mtu miaka mingi. Sijawahi kumwambia mtu kahawa ile ni yangu. Ukitaka binti yangu, njoo na cha kwako. Na usije ukanionyesha kwa mbali. Nataka niwaone watu wa kwenu wanashuka kutoka ndani ya gari lako, hapa, mlangoni kwangu. Hapo nitaamini."

Inosenti akasema sawa, akaanza kujinyima. Mama yake naye akaanza kusali. Na siku moja kwenye sala za jumuiya yetu ya kanisa, tulipofika kwenye maombi, Hyasinta akasimama. Mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, nilikuwa nimekaa karibu naye, nikasikia kila neno. Alisema: "Ee Mungu, mwanangu akipata gari lake mwenyewe, mtu wa kwanza kukalia kiti chake atakuwa mtumishi wako Padre Nikolaus, na kabla yake hakuna." Sote tukaitikia, ee Bwana utusikie.

Hilo la "kabla yake hakuna" sidhani alikuwa amelipanga. Lilimtoka kwa uchungu wa kuomba. Lakini lilikwisha kusemwa, na sisi tulikwisha kuitikia.

Ndiyo maana asubuhi ile ya mboga nilifikiri vizuri kabla ya kujibu. Nikamwambia: "Mama Inosenti, dereva si abiria. Punda akivuta mkokoteni, hatusemi amepanda mkokoteni."

Uso wake ukafunguka. Akampigia mwanae pale pale: "Inosenti, Mama Goodness amesema wewe ni kama punda, kwa hiyo njoo tu. Lakini usimpakie mtu."

Akaja. Kutoka Dar mpaka Karatu peke yake. Pale Makuyuni akamkuta baba yake mdogo, Mzee Josephati, kasimama barabarani na kapu la nyanya, mvua inamnyeshea. Inosenti alisimamisha gari, akashusha kioo, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamweleza habari ya nadhiri, akachukua lile kapu la nyanya, akamwacha. Nyanya zikafika bila tone la mvua. Mzee Josephati akafika usiku.

Asubuhi yake tulilipokea gari kwa vigelegele. Lilikuwa dogo, jeupe, jipya. Wengine watasema lilishatumika huko Japani, lakini kwetu gari ambalo halijapigwa vumbi la Karatu ni jipya. Viti vilikuwa bado na plastiki, na Inosenti alikuwa amesema plastiki hizo hazitoki, wino wa kalamu usizifikie na kucha za mtu zisizifikie. Rafiki yake Emmanueli akalizunguka akasema, "Mwanangu, umevuta ndinga," akashika mlango. Hyasinta akampiga kofi la mkono. Akaondoa mkono.

Kisha Inosenti akawasha gari atuonyeshe, na ndani ikatoka sauti ya mwanamke, laini, inasema maneno ya Kijapani.

Mzee Josephati akajibu, "Marahaba."

Hyasinta akanivuta pembeni. "Mama Goodness, huyo mwanamke mbona keshaingia?"

"Ni redio."

"Redio inatangaza habari. Huyu anaongea na sisi."

Nikamwambia sauti haikalii kiti. Akakubali, lakini kwa muda mrefu kila gari lilipowashwa aliangalia kiti cha nyuma.

Mzee Josephati, aliyekuwa bado na kinyongo cha Makuyuni, akasema, "Na huyo Mjapani mwenye gari, kule kwao alikuwa analiendesha amesimama?"

"Ya Japani ni ya Japani, shemeji," Hyasinta akasema. "Mimi nadhiri niliweka hapa."

Basi tukawa tunamsubiri padre. Padre Nikolaus alikuwa ametoka na pikipiki kutembelea vigango, makanisa madogo ya vijijini upande wa Baray, na mvua zikajaza makorongo, akakwama huko. Akifika kigango hiki anakuta ndoa, akifika kile anakuta ubatizo, simu yake inapatikana akiwa juu ya kilima tu. Na sisi huku maisha yakaendelea na gari lisilopandwa. Siku ya mnada Hyasinta alikwenda kwa miguu, Inosenti akiendesha pembeni yake mwendo wa kobe. Nadhiri ilisema mtu, haikusema mzigo, kwa hiyo viazi vilipanda. Akina mama wengine wakaona hivyo, wakapakia na wao viazi vyao na ndoo zao, tukawa tunatembea msururu mzima tunaongea, mizigo inatutangulia. Mtu mmoja akatuweka kwenye status ya WhatsApp. Aliandika kwamba Karatu viazi vina gari.

Inosenti alikuwa anafuta vumbi tu. Lakini nilimwona amekonda, na nilijua sababu. Mzee Lucas alikuwa amepanga siku ya kupokea posa, Jumamosi, na akasema haisogei, maana Jumatatu anakwenda Singida kwenye mambo ya mashamba ya ukoo na hajui atarudi lini. Na kule Singida, Rahel alimwambia Inosenti kwa simu, kuna mtu mwingine anayetaka kumwoa.

Ijumaa padre akapatikana juu ya kilima. Akasema kesho anarudi, atapitia Oldeani. Hyasinta akafurahi sana. Akapanga hivi: tutoke alfajiri tutembee na gari, tutakutana na padre njiani, atakaa kwenye kiti, tutamshukuru Mungu, halafu sote tutapanda na kufika kwa Mzee Lucas tukiwa ndani, tushuke mlangoni kama alivyotaka. Nilimuuliza, na tusipokutana naye? Akaniangalia kama nimeuliza jua lisipochomoza.

Tukatoka. Wazee watatu wa ukoo wamevaa makoti, Mzee Josephati mbele na mgorori wake mpya na fimbo, Hyasinta na mimi na akina mama wawili nyuma na vitenge vya sare. Ndani ya gari, viti vya nyuma vilijaa sukari, kreti za soda na mablanketi ya kuwapa wakwe. Kwa hiyo mbuzi wa posa akawekwa mbele. Alikuwa akiteleza kwenye plastiki, na gari likawa linalia piii, piii, kwa sababu lina akili ya kujua kuna uzito kitini na mkanda haujafungwa. Inosenti akamfunga mkanda. Likanyamaza.

Hivyo ndivyo tulivyoingia lami. Gari jeupe mbele mwendo wa kutembea, mbuzi dirishani anaangalia mashamba, na sisi nyuma kwa makoti na vitenge. Magari ya utalii yanayotoka geti yakaanza kupunguza mwendo. Madereva wanaomjua Inosenti wakapiga honi wakicheka, mmoja akamwuliza kwa dirisha, "Bosi, leo unampeleka kreta?" Wageni waliokuwa wametoka kuona simba wakasimama, wakafungua paa, wakampiga picha mbuzi.

Trafiki mmoja akatusimamisha. Akaangalia leseni, ikawa safi. Akaangalia bima, safi. Akainama akamwangalia mbuzi.

"Huyu abiria wako umemfunga mkanda, vizuri. Na hawa wazee mbona wanatembea?"

"Hawajapanda bado, afande."

"Wamekataa?"

"Hapana. Tunamsubiri padre apande kwanza."

Afande akatuangalia mmoja mmoja, kisha akarudi kwa mbuzi kama anayetaka ushahidi wake. "Haya, endeleeni. Lakini mtembee pembeni."

Tulipoacha lami kushika ile barabara ya vumbi ya kwenda Oldeani, watu wakaanza kuvua kofia. Mwanzo sikuelewa. Mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli akasimama akainamisha kichwa. Wanawake waliokuwa wanapalilia wakaweka majembe chini wakafanya ishara ya msalaba. Kisha mama mmoja akatoka kwenye migomba, akajifunga kanga kiunoni, akaingia kwenye msururu pembeni yangu akitembea kwa huzuni.

"Poleni, dada. Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu, mama. Tunakwenda kuposa."

Akatembea kidogo akifikiri. "Na gari ni la nani?"

"La bwana harusi. Ndiye anayeendesha."

"Na ninyi?"

"Sisi tunatembea."

Nilidhani atarudi kwake. Hakurudi. Alisema amekwisha kujifunga kanga, heri aone mwisho.

Padre hatukumwona. Kila tulipopanda mwinuko Hyasinta aliangalia mbele, akashusha macho kwenye rozari. Jua likapanda, mlima wa Oldeani ukatoka kwenye mawingu, viatu vya wazee vikawa vyekundu, na mwisho tukaona migahawa midogo ya njia panda na nyuma yake nyumba ya Mzee Lucas, na yeye mwenyewe kasimama mlangoni na koti la suti, watu wake wamekaa kwenye mabenchi. Rahel alikuwa mlango wa jikoni na kitambaa kichwani. Inosenti akasimamisha gari. Sauti ya Kijapani ikatuaga. Akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akamfungua mkanda mbuzi, mbuzi akashuka.

Mzee Lucas akaangalia mbuzi. Akatuangalia sisi tulivyokuwa tumejaa vumbi.

"Karibuni," akasema. "Huko mlikotoka ni mbali?"

"Si mbali, mzee mwenzangu," Mzee Josephati akajibu, akifuta jasho.

"Nilisema nataka kuona watu wakishuka kutoka kwenye gari lake. Nimeona ameshuka mbuzi."

"Mzee, kuna maelezo."

"Maelezo ninayaona. Gari ni la kuazima. Mwenyewe amewaambia chukueni, lakini msikalie viti vyangu, na plastiki msitoe. Ndiyo maana mmetembea. Mtu gani ana gari lake halafu mama yake mzazi anatembea nyuma yake kutoka Karatu?"

Nitasema ukweli, kama ningekuwa yeye ningeona hivyo hivyo. Mzee Josephati akaeleza habari ya nadhiri. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Inosenti akatoa kadi ya gari yenye jina lake. Mzee Lucas hakuipokea. Alisema karatasi siku hizi zinachapishwa popote. Rahel akaingia jikoni. Mzee Lucas akasema tunywe uji, tupumzike, halafu mbuzi wetu turudi naye.

Ndipo tukasikia lori. Lilikuwa linapanda kutoka upande wa Baray limejaa vitunguu, na juu kabisa ya magunia, amesimama wima ameshika mnyororo, kanzu yake inapepea, alikuwa Padre Nikolaus, na pikipiki yake imelazwa miguuni pake. Hyasinta akatoka mbio akasimama katikati ya barabara akainua rozari. Lori likasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo," padre akasema kutoka juu.

"Milele amina. Baba Paroko, shuka ukae."

Wakamshusha polepole, watu wawili. Alinuka vitunguu, macho mekundu, anatembea kwa hatua fupi. Hyasinta akamweleza kwa haraka, gari, nadhiri, Mzee Lucas, posa. Padre akasikiliza mpaka mwisho. Akamwita Mzee Josephati kando, akamnong'oneza. Mzee Josephati akarudi akiwa amekunja uso.

"Padre hawezi kukaa."

"Hataki?" Hyasinta akauliza.

"Hawezi. Ni ile pikipiki na zile barabara. Ana jipu."

"Wapi?"

Mzee Josephati akaangalia mlima. "Pale," akasema.

Yule mama wa kanga akasema pole baba, na padre akapokea ile pole kwa unyenyekevu.

"Gari lisilopandwa," Mzee Lucas akasema, "na padre asiyekaa. Mmebakiza nini tena?"

Padre akamgeukia Hyasinta kwa upole. "Mama, mimi ninaweza kukufungulia nadhiri hii, hapa hapa. Mungu si trafiki."

Hyasinta alikuwa amekwisha kuanza kulia, kwa utaratibu wake, bila sauti. "Najua, Baba. Lakini ukinifungulia, siku nikimwomba kitu kingine nitamwambia nini? Na huyu ndiye kitu nilichoomba." Akamwonyesha mwanae kwa kidevu.

Maneno hayo Mzee Lucas aliyasikia. Alikwangua fimbo yake kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo kuliko ya mwanzo: "Mimi sikuwa najua kuna padre kweli. Basi sikilizeni. Watu wa kwenu siwahitaji tena. Padre hawezi kukalia uongo. Akikaa yeye kwenye kiti hicho, na akashuka mlangoni kwangu, nimeamini gari, nimeamini na nadhiri. Asipokaa, Jumatatu naondoka na binti yangu."

Rahel alikuwa amerudi mlangoni. Sote tukamwangalia padre, na padre akaliangalia lile gari dogo na kiti chake chembamba, jinsi Mkristo anavyoiangalia Kwaresima ikianza.

Inosenti tangu asubuhi alikuwa hajasema maneno kumi. Alikwenda mlango wa mbele, akashika ile plastiki aliyosema haitoki, akaichana kutoka juu mpaka chini, akaitupa. Akavua koti lake la suti, jipya kama gari. Akalisokota kwa mikono miwili kama akina mama tunavyosokota kata ya kubebea ndoo kichwani, mviringo, na katikati akaacha tundu. Akaliweka kitini, akalikandamiza, akalijaribu kwa ngumi. Kisha akaja mbele ya padre, akapiga goti kwenye vumbi na shati jeupe, akasema:

"Baba Paroko, naomba ukae kidogo tu, hata kwa upande mmoja."